Tunakiri Nikea mdomoni lakini Wakristo wengi wa Mombasa tunaamini kama Arius. Nipingeni

#1 Mwimbaji wa Mikindani
Salamu wadau. Naleta hii hapa kwa sababu kwenye grupu la WhatsApp la kanisa letu mjadala ulifungwa, admini akasema tumsubiri mchungaji, na mchungaji mpaka leo kimya.

Dai langu ni hili. Kila Jumapili twasimama twasema kanuni ya imani ya Nikea, "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba", tukishakaa chini tukaanza kuongea kwa maneno yetu wenyewe twamfanya Mwana kuwa kama naibu. Wasikilizeni watu wakitoa ushuhuda. Mungu yuko kule juu, amekasirika, Yesu yuko hapa kati aenda kumbembeleza, Mungu akikubali mambo yako yanyooka. Yaani mkubwa kuliko malaika wote, mdogo kuliko Mungu. Hiyo ndo fikra ya Arius, yule padre wa Aleksandria, kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe, na kwamba kabla hajazaliwa hakuwako. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ukaikataa. Mwaka 2025 imetimia miaka 1700 na kwetu sikusikia hata tangazo.

Swali langu: kwa nini iko hivi? Hatufundishwi? Au Biblia yenyewe ndo yatupeleka huko? Nataka majibu ya kweli, si ya "imani haichunguzwi".

#2 Tuktuk ya Bombolulu
Jumapili jioni watu watafuta mahamri na mbaazi wewe watuletea Arius 😂 haya, nimeegesha, endeleeni

#3 Katekista Chaani
Asante Mwimbaji. Nakubaliana na wewe nusu tu. Mimi nafundisha watoto wa kipaimara na wanaotaka kubatizwa ukubwani, na kosa ninalolisikia mara nyingi zaidi ni la upande wa pili kabisa. Sikiliza mtu akiomba kwa sauti kwenye jumuiya: "Mungu Baba twakushukuru kwa kuwa ulishuka ukafa pale msalabani kwa ajili yetu, kwa jina la Yesu, amina." Baba hakufa! Aliyekufa ni Mwana. Sala nzima mtu ameongea na mmoja tu, katikati kambadilisha jina bila hata kujua. Hilo ni kosa la zamani kuliko Arius, Tertullian wa Karthago aliandika mwanzoni mwa karne ya tatu kumpinga mtu aliyeitwa Praxeas, akasema huyu amemsulubisha Baba. Baadaye likaja kuitwa kwa jina la Sabellius, yaani kusema Baba, Mwana na Roho ni mmoja yuleyule kwa majina tofauti.

Kwa hivyo mimi dai langu ni kwamba Mombasa tuna Sabellius wengi kuliko Arius.

#4 Yesu Tu Bamburi
@Katekista na kwani shida iko wapi? Isaya 9:6 inamwita mtoto aliyezaliwa "Baba wa milele". Yohana 14:9 Yesu mwenyewe anamwambia Filipo "aliyeniona mimi amemwona Baba". Mungu ni mmoja, nafsi tatu mumezileta nyinyi kwenye mitaguso. Hao wanaoomba hivyo kwenye jumuiya yako wako sawa, Roho anawafundisha, wewe ndo unawarudisha nyuma.

#5 Mamake Neema
Mimi nafundisha Sande Skuli na watoto wakiniuliza nawaambia maji, barafu na mvuke. Kitu ni kimoja, hali ni tatu. Wanaelewa haraka sana na wakubwa pia. Sioni kwa nini mnafanya iwe ngumu hivi.

#6 Katekista Chaani
Mama Neema dadangu usikasirike, hapo ndo umewafundisha Sabellius mwenyewe. Maji yakiwa barafu si mvuke tena. Sasa soma Mathayo 3:16-17, Mwana yuko mtoni ametota maji, Roho ashuka kama hua, Baba asema kutoka mbinguni. Wote kwa wakati mmoja. Na Gethsemane Yesu alikuwa aongea na nani? "Si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Mtu hajiambii mwenyewe hivyo.

@Yesu Tu, mafundisho yenu kwa jinsi yalivyo leo yameanza Marekani, kambi ya injili ya mwaka 1913 kule California, watu wakaanza kubatizana upya kwa jina la Yesu peke yake. Usituambie sisi ndo tumeleta mageni.

#7 Yesu Tu Bamburi
Matendo 2:38, "mkabatizwe kwa jina lake Yesu Kristo", haijaandikwa California. Soma.

#8 Mtoto wa Majengo
Naona mumekimbilia vitabu kabla hamjaangalia tunakoishi. Mimi nimekulia Majengo, mihadhara ya Waislamu na Wakristo nimeisikiliza tangu utotoni, meza mbili, spika imefungwa mtini, huyu asoma "Baba ni mkuu kuliko mimi", Yohana 14:28, yule ahangaika kufungua kurasa na watu wamejaa mpaka barabarani. Mkristo wa kawaida pale yuwafanya nini? Yuwarudi nyuma hatua moja. Utamsikia asema "aa, sisi hatusemi Yesu ni Mungu, sisi twasema ni Mwana wa Mungu". Yuwadhani amejiokoa! Kwa kweli keshampa Arius kiti. Na hilo jibu yuwalipeleka nyumbani, yuwalifundisha watoto, miaka ikipita limekuwa imani ya familia. Kwa hivyo sababu si wachungaji kutofundisha wala si kwaya, ni ujirani. Twajieleza kwa namna ambayo jirani hatashtuka.

#9 Mwimbaji wa Mikindani
@Mtoto wa Majengo hii sikuwa nimeiwaza. Lakini mbona ndugu zangu wa bara, huko kwetu hata Mwislamu mmoja huna jirani, nao wasema vilevile?

#10 Halima Kibokoni
Asalaam aleikum majirani, natumai mgeni aruhusiwa. Kwetu ni qul huwallahu ahad, hakuzaa wala hakuzaliwa, kwa hivyo msimamo wangu mwaujua na sikuja kubishana. Nimevutiwa tu kwa sababu shemeji yangu ni Mkristo na siku zote nilidhani nyote mwasema kitu kimoja. Nauliza mambo mawili. Moja, hiyo kuzaliwa mnayoisema, kwa akili ya kawaida kuzaa kwataka mke na kwataka wakati, mwaitoaje hapo? Pili, Marko 13:32 yasema siku ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba. Kama ni umungu mmoja, mmoja ajua na mwingine hajui?

#11 Katekista Chaani
Aleikum salaam Halima, karibu sana na umeuliza vizuri kuliko sisi wenyewe.

La kwanza: pande zote mbili za ule ugomvi, Arius na wapinzani wake, walikubaliana kwamba hakuna mwili wala mke pale. Waliachana kwenye wakati. Arius alisema ukishasema "amezaliwa" basi lazima kuna mwanzo. Athanasius, mpinzani wake mkubwa, akajibu kwamba Baba hakuwahi kukosa Neno lake, la sivyo angekuwa wakati fulani si Baba kisha akawa, yaani Mungu abadilika. Ndo maana twasema alizaliwa tangu milele yote.

La pili: jibu la kawaida ni kwamba kama Mungu ajua, kama mwanadamu alikubali kutojua, vile alivyokubali njaa na usingizi. Athanasius alilijibu hivyo. Halafu mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451 ndo ukaja kupanga vizuri, nafsi moja, asili mbili.

#12 Mzee Kengeleni
Mwanangu Katekista umejibu vyema ila hilo jibu la pili si la pekee. Basil, askofu wa Kaisaria, alilisoma vingine. Yeye asema Baba ndiye chanzo cha kujua, na Mwana ajua kwa kuwa apokea kwa Baba, yaani "ila Baba" ni kusema isingekuwa Baba, hata Mwana asingejua. Wote wawili ni watu wa Nikea na hawakusema neno moja. Mjue hilo kabla hamjaambiana nani mzushi.

#13 Halima Kibokoni
Ahsante Mzee, ahsante Katekista. Sijaridhika lakini nimeelewa mnachosema 🙏

#14 Msomaji Changamwe
Mimi ni Shahidi wa Yehova na nawasoma tangu juu. Mnazunguka sana jambo lililo wazi. Wakolosai 1:15 "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote". Yohana 17:3 Yesu anamwambia Baba "wewe, Mungu wa pekee wa kweli", halafu anajitaja yeye kando kama aliyetumwa. Waebrania 5:8 alijifunza kutii. Mungu anajifunza? Mwimbaji anashangaa kwa nini watu wa kawaida wanaamini hivyo, jibu ni kwamba wanasoma Biblia kama ilivyoandikwa. Kilichohitaji mfalme na maaskofu ni hayo mengine.

#15 Mzee Kengeleni
Msomaji nakuheshimu, hukujificha. Nikujibu kwa mpango.

Mzaliwa wa kwanza katika Maandiko si lazima awe aliyetangulia kuzaliwa. Zaburi 89:27 Mungu asema atamjalia Daudi kuwa mzaliwa wa kwanza, na Daudi alikuwa kitinda mimba wa Yese. Ni cheo cha mrithi. Na ukisoma mstari unaofuata hapohapo Wakolosai, vitu vyote viliumbwa katika yeye. Vyote.

Sasa hili la mfalme. Kweli Constantine, mfalme wa Roma, ndiye aliyeuitisha mtaguso na maaskofu walikuja kama mia tatu, karibu wote wa mashariki. Lakini angalia yaliyofuata. Waliokataa kabisa kutia sahihi pamoja na Arius walikuwa wawili tu, Secundus na Theonas, wote wa Libya. Ukidhani hapo yamekwisha, wapi! Constantine mwenyewe baadaye akamrudisha Arius, na alipokaribia kufa mwaka 337 aliyembatiza ni Eusebius wa Nikomedia, rafiki wa Arius. Mwanawe Constantius akasimama na wapinzani wa Nikea. Athanasius, aliyekwenda Nikea akiwa shemasi tu, akawa askofu mwaka 328 na akafukuzwa mara tano, jumla kama miaka 17 uhamishoni. Ossius, askofu wa Cordoba, mzee wa karibu miaka mia, alibanwa mpaka akatia sahihi tamko la kupinga Nikea mwaka 357. Kwa hivyo ukisema Utatu uliletwa na wafalme, basi jua wafalme kwa miaka mingi walikuwa upande wako. Waliokuwa gerezani na jangwani walikuwa wale wengine.

#16 Tuktuk ya Bombolulu
Mzee umetisha. Lakini umesahau Mtakatifu Nikolasi kumzaba Arius kibao pale Nikea. Na si ndo huko Constantine alichagua vitabu vya Biblia vingine vikachomwa?

#17 Katekista Chaani
Hapana na hapana bana. Hadithi ya kibao imekuja karne nyingi baadaye, waandishi wa wakati ule hawaijui. Na Nikea haikupanga vitabu vya Biblia hata kimoja, ilishughulika na Arius, tarehe ya Pasaka na nidhamu ya makasisi. Hata Jumapili si ya Nikea, amri ya Constantine kuhusu kupumzika Jumapili ni ya 321. Naomba tuyaache hayo, kila uzi yarudi.

#18 Tuktuk ya Bombolulu
Kibao naking'ang'ania, ni kitamu

#19 Winchi Kilindini
Mimi nafanya kazi bandarini, si msomi. Kuna meli ilitia nanga ikiwa na mabaharia Wamisri, mmoja ana msalaba mdogo amechorwa tatuu hapa ndani ya kifundo cha mkono wa kulia. Nikamuuliza kwani we Mkristo? Akasema yeye ni Mkopti, Mkristo wa kanisa la kale la Misri. Nikamwambia na mimi naenda kanisa. Akaniuliza kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika, "Athanasius unamjua?" Nikasema simjui. Yule jamaa alisikitika wadau, alinitazama kama mtu ameambiwa humjui babu yako. Akanionyesha picha kwenye simu, mzee mwenye ndevu ameshika kitabu. Akasema huyu ni Mwafrika, wetu sisi na wako wewe pia, wewe wa Afrika wamsahau vipi? Tangu siku hiyo nasoma kidogokidogo nikitoka zamu. Kwa hivyo nasema sababu ya swali la Mwimbaji ni hii, tumefundishwa kama vile Ukristo umeanzia kwa wazungu, na hao wazungu wenyewe wametuletea majibu bila kutuambia swali lilikuwa nini.

#20 Binti Rabai
@Winchi nakuelewa lakini usiwaonee wote. Mmisionari Krapf kafika Mombasa 1844, mwaka huohuo kamzika mkewe na mtoto, hata hivyo akaanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Kanuni ya imani ilikuja pamoja nao. Ni sisi wajukuu tulioigeuza wimbo.

Na hapo juu mtu amesema kwaya si tatizo, mimi nasema kwaya ndo tatizo lenyewe.

#21 Mzee Kengeleni
Binti Rabai umegusa penyewe. Arius alijua nguvu ya wimbo. Philostorgius, mwanahistoria aliyekuwa upande wa kina Arius, aandika kwamba jamaa alitunga nyimbo za mabaharia, nyimbo za wasaga nafaka na nyimbo za wasafiri, akazitia mafundisho yake. Fikiria bandari ya Aleksandria, watu wavuta kamba huku waimba Baba ni mkubwa kuliko Mwana. Na miaka sitini hivi baadaye askofu Gregory wa Nyssa alalamika kuhusu Konstantinopoli, asema ukimwomba mtu akubadilishie pesa akuhutubia habari za Aliyezaliwa na Asiyezaliwa, ukiuliza bei ya mkate wajibiwa Baba ni mkuu, ukiuliza kama maji ya kuoga yako tayari waambiwa Mwana ametoka katika si kitu.

#22 Mamake Neema
Hiyo ndo Kongowea saa kumi na moja alfajiri, wauliza bei ya nyanya mtu akuuliza umeokoka 😂

#23 Mwimbaji wa Mikindani
Nimefuatilia zote. Naomba niseme kwa nini hili laniuma, maana naona wengine mwalichukulia kama mashindano ya mistari.

Mamangu alipokuwa mgonjwa mwisho mwisho, mhubiri mmoja alikuja kuomba nyumbani. Mama kitandani, mkono ameulaza juu ya leso, amwangalia tu. Yule mhubiri katikati ya maneno akasema Mungu ni mtakatifu mno hawezi kugusa uchafu wetu, ndo maana alimtuma Yesu. Alimaanisha mema. Lakini nilimwona mama akafumba macho na nikajiuliza, kwa hivyo aliyekuja kwetu si Mungu? Ni mtu ametumwa kwa kuwa mwenye nyumba hataki kuja? Ndo nikaanza kusoma. Nikakuta Athanasius hoja yake kubwa haikuwa ya falsafa hata kidogo, alisema kiumbe hawezi kumwokoa kiumbe mwenzake, kama Mwana si Mungu kweli basi hatujaunganishwa na Mungu, tumeunganishwa na kiumbe mwingine tu. Mama alistahili kuambiwa kwamba aliyemgusa mwenye ukoma kule Galilaya ni Mungu, si wakala.

Kwa hivyo Msomaji wa Changamwe nakuheshimu, mistari yako naijua, lakini siwezi kurudi huko.

#24 Winchi Kilindini
Pole sana ndugu.

#25 Msomaji Changamwe
Pole kwa mama. Ila sisi hatusemi Yehova hataki kutugusa. Baba anayemtoa mwanawe wa pekee ametoa kitu kikubwa kuliko kuja mwenyewe. Mimi hilo linanifariji na si dogo kwangu.

#26 Shemeji wa Mtwapa
Nami nina kesi. Nimetoka familia ya Kianglikana, nikachumbiwa na kijana wa kanisa la Yesu peke yake. Kanisa lao (jina naliacha) likasema hamna harusi mpaka nibatizwe tena kwa sababu ubatizo wangu wa Baba na Mwana na Roho hauhesabiki. Mama alilia. Nikakubali. Asubuhi na mapema ufuoni, maji yamefika kifuani, pasta ameninyanyua kidevu, na mama mkwe yuko kando na leso mkononi anisubiri. Akataja jina moja tu, nikazamishwa. Nilipotoka nje ya maji kitu cha kwanza nilichosema, sijui kilitoka wapi, nikasema "Asante Baba". Mama mkwe kanikazia macho.

Tumeoana, twapendana, lakini tukiomba pamoja usiku mume wangu amwita Yesu na mimi namwita Baba na kila mtu amsikia mwenzake. Watoto waomba wote wawili.

#27 Yesu Tu Bamburi
Dada basi nyote mnamwita yuleyule. Ndo hoja yangu tangu mwanzo.

#28 Katekista Chaani
Siyo hoja yako hiyo, hiyo ni ndoa nzuri.

#29 Jomvu Sabato
Kabla mtu hajatutaja, naona mpaka sasa mmetusahau: sisi Wasabato tunaamini Utatu, upo kwenye mafundisho ya msingi yaliyopigiwa kura Dallas mwaka 1980. Kuna majirani wanatuambia kila siku hatuamini.

#30 Msomaji Changamwe
Lakini waanzilishi wenu hawakuamini. James White, Joseph Bates, Uriah Smith. Hilo limeandikwa na nyinyi wenyewe.

#31 Jomvu Sabato
Kweli na hatufichi. Walitoka kwenye vikundi vilivyokuwa vinaukataa, na kanisa likaenda likikua katika kusoma. Wapo wenzetu waliojitenga siku hizi wanasema turudi kwa waanzilishi. Nimekaa nao kwa maongezi marefu. Wao hawasemi Yesu ni kiumbe, wanasema alizaliwa kweli na Baba huko nyuma kabla ya enzi zote, kwa hivyo ni Mungu kwa kurithi, lakini alikuwa na mwanzo. Sasa hao ni Arius au siyo? Mimi naona wako katikati na kwenye uzi huu hamna mtu amewapa nafasi.

#32 Mzee Kengeleni
Katikati palikuwa na watu wengi sana hata karne ya nne. Wapo waliokataa Arius na wakaogopa Nikea vilevile, wakasema Mwana anafanana na Baba katika kila kitu, tusiulize zaidi. Mtaguso wa Rimini mwaka 359 maaskofu wengi kuliko wa Nikea walitia sahihi tamko la namna hiyo, kwa kubanwa. Kwa hivyo hao wenzako si wageni, wana mababu. Ila ukisema alikuwa na mwanzo, hata kama ni kabla ya enzi, Athanasius angekutoa nje.

#33 Pasta Kijana Nyali
Wazee shikamooni. Mimi naona mnakosa jambo moja. Mwana anaweza kuwa sawa na Baba kwa asili na bado akawa chini yake kwa kazi, milele. Baba anaagiza, Mwana anatii, tangu kabla ya uumbaji. Hivyo Yohana 14:28 haina shida. Hata Waefeso 5 inakaa vizuri, mke ni sawa na mume lakini yuko chini ya uongozi wake, kama Mwana na Baba. Wayne Grudem, mwanateolojia wa Marekani, amelieleza vizuri.

#34 Mamake Neema
Nilijua tu. Nilijua kuna mtu atafika kwa wake. Pasta tulikuwa mbinguni tumetulia.

#35 Katekista Chaani
Pasta marahaba. Hiyo hoja mwaka 2016 ilichanganya Waprotestanti wa Marekani wenyewe kwa wenyewe, waliokubaliana mambo yote ya ndoa wakakataana hapo. Sababu ni hii: ili Mwana amtii Baba tangu milele kama Mungu, lazima awe na utashi wake na Baba na wake. Kanisa lilishasema utashi ni wa asili. Mungu ana asili moja, utashi mmoja. Yesu ana mbili, wa Mungu na wa mwanadamu, na ule wa mwanadamu ndo uliotii Gethsemane. Mtawa Maximus alikatwa ulimi na mkono wa kulia mwaka 662 kwa kulishikilia hilo, mtaguso wa Konstantinopoli wa 680 hadi 681 ukaja kumpa haki akiwa ameshakufa. Sasa wewe wataka kuurudisha utii ndani ya umungu wenyewe ili upate mfano wa ndoa?

#36 Pasta Kijana Nyali
Kwa heshima, Baba ndiye anayetuma kila mahali katika Biblia na Mwana hamtumi Baba hata mara moja. Mpangilio huo umetoka wapi kama si ndani ya Mungu mwenyewe? Mkisema ni wa mwili tu, nani aliamua Mwana ndiye ashuke na si Baba?

#37 Mzee Kengeleni
Hilo swali la Pasta ni zuri, msimzomee. Augustine angesema "mkuu kuliko mimi" ni kwa habari ya namna ya mtumwa aliyoitwaa, yaani ubinadamu wake, Wafilipi 2. Lakini Gregory wa Nazianzus hilo halikumtosha, asema kwamba Mungu ni mkuu kuliko mwanadamu, hilo nalo ni la ajabu gani? Kwake Baba ni mkuu kwa kuwa ndiye chanzo, na ni sawa kwa asili. Mpangilio uko, Pasta. Baba, kisha Mwana kutoka kwa Baba. Lakini kutoka si kuwa chini. Mimi niko na Gregory. Katekista najua yuko na Augustine.

#38 Katekista Chaani
Niko na wote wawili na sioni kwa nini nichague.

#39 Mtoto wa Majengo
Siku ya mhadhara ukipewa dakika kumi na spika yakoroma hutaweza kuwa na wote wawili, Katekista. Utachagua.

#40 Binti Rabai
Mbona hamna mtu ameleta 1 Wakorintho 15:28? Mwisho wa yote Mwana mwenyewe atatiishwa chini yake aliyemtiishia vitu vyote. Hapo si siku za mwili tena, hapo ni baada ya kila kitu. Namna ya mtumwa haitoshi, na chanzo sioni kama chatosha pia.

#41 Pasta Kijana Nyali
Asante dada. Huo mstari nilikuwa nauweka akiba.

#42 Katekista Chaani
Marcellus, askofu wa Ankara, aliusoma huo akasema basi ufalme wa Mwana utafika mwisho, Neno litarudi ndani ya Baba. Alikuwa mtu wa Nikea kabisa, adui wa Arius! Ndo wakaongeza kwenye kanuni "na ufalme wake hautakuwa na mwisho" ili kumziba. Kwa hivyo Binti, anayetiishwa pale ni Mwana kama kichwa cha kanisa, pamoja na mwili wake wote, yaani sisi.

#43 Binti Rabai
Maandiko yasema "Mwana mwenyewe". Sisi twaingiaje hapo?

#44 Mwimbaji wa Mikindani
Hata mimi hapo Katekista sijaelewa, hebu eleza polepole. Na Mzee usilale.